Mtu Aliyengoja Gari la Kuvuta Tela

Wapendwa, kabla hatujafika kwenye matoleo, nataka niwasimulie habari za mtu mmoja aliyetafuta pikapu kwa miaka mitano. Naona wanaume wameinua vichwa. Nilipokuwa nasoma somo la kwanza wengine mlikuwa mmeshasinzia, lakini neno pikapu limewaamsha. Haya, kaeni macho hivyo hivyo, maana mtu huyu ni ndugu yenu.

Tumwite Chidawali. Alikuwa fundi wa pampu za maji hapa mjini, na alikaa nje ya mji, mwendo wa kilomita arobaini na tano. Kila siku alikwenda kazini na kurudi kwa pikipiki kuukuu, vumbi likimjaa mpaka kwenye nyusi. Alizaliwa kijiji kimoja cha mbali upande wa magharibi, kule ambako mvua ikikosea mwaka mmoja watu wanakula mbegu.

Mnaotoka huko mnajua maisha yalivyo. Mama anaamka mapema, anachukua ndoo na kata, anakwenda korongoni. Na korongo lenyewe ni mchanga mtupu. Anafukua mchanga kwa mikono mpaka anazama kiunoni, kisha anakaa kungoja maji yajikusanye, kata ya kwanza, kata ya pili. Anarudi jua likiwa utosini. Chidawali alipokuwa mdogo alikuwa akikaa uwanjani pale wanapopuria mtama, anaangalia njia. Aliujua mwendo wa mama yake tangu ule mwili ni kidoa tu kwenye vumbi. Kwake hapakuwa na furaha iliyozidi ile, kuona kidoa kile kinakua, kinapata mikono, kinapata uso, mpaka kinacheka.

Mtoto wa namna hiyo akikua, unadhani atasahau? Hakusahau. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda basi akaenda kumwona mama yake. Anakaa siku nne, anapasua kuni, anakula uwele kwa mlenda, anarudi mjini.

Sasa siku moja kampuni fulani ya kuchimba visima ilifunga kazi zake, ikaacha mashine ya zamani imefungwa juu ya tela. Mashine ilikuwa mbovu, tela limekaa juu ya mawe. Chidawali akaichukua. Jioni zote na Jumamosi zote aliitengeneza kwa mikono yake, kipande kwa kipande, mpaka siku ilipounguruma uani kwake na kuku wote wakakimbilia kwa jirani. Alimpigia mama yake simu papo hapo, mikono bado ina grisi.

"Mama, nikija tena, nakuja na maji. Nakuchimbia kisima hapo hapo mlangoni."

Mama akacheka. "Wewe njoo tu, mwanangu."

Lakini Chidawali alishaapa moyoni: safari ijayo, nakwenda na mashine.

Tatizo likawa moja. Lile tela, pamoja na mashine na mabomba yake, lilikuwa na uzito wa tani mbili na nusu. Pikipiki haivuti tela. Basi akaanza kutafuta pikapu. Na hapa, wapendwa, msimcheke, maana alichotaka kilikuwa kitu cha akili kabisa. Alitaka gari lenye nguvu ya kuvuta zigo lile kwenye mchanga na kwenye mlima, bila kupasua injini. Na gari hilo hilo limpeleke kazini kila siku, kilomita tisini kwenda na kurudi, bila kumaliza mshahara wake kwenye kituo cha mafuta.

Aliona ya kwanza. Nyeupe, ndogo, safi, ya petroli. Akamwita rafiki yake fundi Nasibu aje kuikagua. Nasibu akalala chini ya gari, akatoka anajipangusa.

"Kaka, hii ni ya kwendea ofisini na kubebea magunia mawili ya mkaa. Ukiifungia tela lako, kwenye mteremko tela ndilo litakaloiongoza."

Akaiacha. Akaona ya pili, kubwa, ya dizeli, chasisi nene kama reli. Ile ingeweza kung'oa nyumba. Chidawali aliijaribu siku tatu kwenda kazini, akarudi amenywea.

"Vipi?" Nasibu akauliza.

"Inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi."

Ya tatu ilikuwa na nguvu, na matumizi yake ya mafuta si mabaya, lakini gia zake zilikuwa za kujibadilisha zenyewe, na Nasibu akasema zikivuta mzigo mzito kwenye mlima mrefu zitapata moto. Ya nne breki zake hazikuwa za kusimamisha tani mbili na nusu. Ya tano springi za nyuma zilikuwa zimelala. Chidawali alikuwa na daftari. Humo aliandika kila gari aliloliona, ukubwa wa injini, uzito linaloweza kuvuta, umri wa chasisi, hali ya breki. Mwaka wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Akawa mtu anayejua pikapu kuliko wauzaji wenyewe. Watu wakija kununua gari walikuwa wanamwita awashauri, na wakaondoka na magari yao, yeye akabaki na pikipiki yake.

Na miaka hiyo yote, hakwenda nyumbani.

Mkewe, Dorkasi, alijaribu kusema naye. Ilikuwa baada ya mavuno ya mwaka wa tatu, wanakunywa chai barazani.

"Baba Eliya, basi la magharibi linapita hapo barabarani kila siku saa mbili asubuhi."

"Najua."

"Kama unajua, si upande?"

Chidawali akatazama tela pale uani, limefunikwa turubai. "Niende mikono mitupu? Kijiji kizima wanajua nimesema nakuja na maji. Nishuke kwenye basi na mfuko wa sukari? Watanionaje?"

"Mama atakuonaje?" Dorkasi akasema. Chidawali akainuka, akaenda kukaza turubai.

Mnaona hapo, wapendwa? Alikuwa anamtamani mama yake. Msidhani alikuwa na moyo mgumu. Kuna siku alikuwa barabarani anatoka kazini, akaona kwa mbali mwanamke amejitwika ndoo, akapunguza mwendo bila kujua kwa nini, na alipompita akakuta ni mtu mwingine, na bado akawa anamtazama kwenye kioo mpaka akapotea. Alitamani kuona ile njia. Alitamani harufu ya moto wa ile miti ya kwao. Lakini alitamani kufika kama mtu anayevuta kitu nyuma yake. Kufika akiwa yeye tu aliona haitoshi.

Walikuwa wanaongea kwa simu. Mama alikuwa akipanda kichuguu kilichoko nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, kisha anauliza swali lile lile.

"Utakuja lini, mwanangu?"

"Mama, gari bado. Nilipata moja lakini haliwezi kuvuta. Vumilia kidogo."

"Haya. Sisi tupo."

Mara moja, katika mwaka ule wa tatu, mama alisema, "Siku hizi asubuhi naona ukungu."

"Huo ni msimu tu, mama. Baridi."

"Mbona mchana hauondoki?"

Chidawali wakati huo alikuwa na simu ya pili mkononi, anaangalia picha za pikapu aliyotumiwa. Akasema, "Utaondoka, mama. Kipupwe kikiisha utaondoka." Na mama akasema haya, akaaga, akateremka kichuguu chake.

Mwaka wa tano, gari likapatikana. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa anastaafu, anauza pikapu yake. Ya dizeli, injini ya kiasi, milango minne, gia za mkono, springi nzima, na chini kuna chuma imara cha kufungia tela. Nasibu alikaa chini yake nusu saa nzima. Wakaifungia tela la mawe ya kujengea, wakaipandisha mlima, wakaiteremsha, wakaisimamisha katikati ya mteremko. Nasibu akamgeukia rafiki yake, akampa mkono.

"Kaka, ndiyo hii. Mungu alikuwa anakuwekea."

Wiki nzima Chidawali alikwenda nayo kazini. Alirudi shati jeupe ni jeupe vile vile. Alipima mafuta, akapima tena, akatabasamu peke yake. Mnaijua hiyo raha? Kitu ulichokitafuta miaka mitano, unakishika usukani. Akaomba likizo. Hakumpigia mama simu. Alitaka asikie mngurumo mlangoni. Usiku wa kuamkia Jumatatu akafunga tela, Dorkasi akakaa kiti cha mbele, wakaondoka.

Wapendwa, pikapu ile ilivuta! Ilipita kwenye mchanga, ikapanda mlima wa mawe, tela linafuata nyuma kama ndama aliyeshiba. Chidawali alikuwa anaimba. Walipokaribia kijiji, wakavuka lile korongo la utotoni mwake, na hapo akaacha kuimba. Korongoni hapakuwa na mtu. Saa nne ya asubuhi, kiangazi, wakati ambao zamani wanawake walikuwa wamejaa mchangani. Hapakuwa na shimo hata moja. Palikuwa na mchanga laini na nyayo za mbuzi.

"Wamehama?" Dorkasi akauliza.

Chidawali akakanyaga mafuta.

Kijiji kilikuwapo. Nyumba ya mama yake ilikuwapo. Na hatua kama thelathini kutoka mlangoni, palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, umezunguka kama pete, juu yake gogo la kuzungushia kamba. Wanawake walikuwa wanavuta maji. Mmoja alikuwa anafua, na maji ya kufulia anayamwaga chini, anayamwaga tu! Waliposikia gari wakasimama. Yule aliyekuwa anafua, jirani waliyelelewa naye, akamtambua Chidawali, akapiga vigelegele.

Chidawali akashuka. Akasogea mpaka kwenye ukuta ule, akachungulia. Chini kabisa, akaona anga linatikisika ndani ya maji.

"Nani aliwachimbia?" akauliza. "Ni mradi?"

"Mradi gani?" jirani akacheka. "Tumechimba wenyewe. Majembe, ndoo na kamba. Viangazi viwili. Mama yako ndiye aliyeanza. Alitoka na jembe siku moja, akapiga hapo, tukadhani anachimba choo. Tukamuuliza, akasema, mwanangu anakuja. Akifika, nisimwache aketi na kiu nikienda korongoni nusu siku. Nataka akija, anikute nipo."

Mmesikia, ndugu zangu? Yule mama alichimba kisima ili asikose dakika hata moja ya mgeni wake. Yeye Chidawali alikuwa anakawia ili alete maji. Mama alikuwa ameleta maji ili mtoto asikawie.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, kiganja kimeegemea ukuta wa nyumba yake ya tembe, anatembea taratibu, kichwa amekiinua kidogo kama mtu anayesikiliza ndege.

"Gari la nani hilo?"

"Ni mimi, mama."

Mama akauachia ukuta. Akanyoosha mikono yote miwili, akaja mbio mbio kidogo kama wazee wanavyokimbia, na akaenda upande ambao siko. Samahani, upande ambao Chidawali hakuwapo. Mikono yake ikagusa boneti ya pikapu. Ilikuwa ya moto. Akaipapasa, akaondoa mikono, akageuka kuitafuta sauti. Chidawali alisimama pale amekuwa kama kisiki. Ni Dorkasi aliyemsukuma.

Alipofika, mama alimshika uso. Akapita nyusi, pua, mashavu, masikio. Alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda.

"Tangu lini, mama?"

"Nilikwambia. Ule ukungu. Mavuno ya mwaka jana ndipo ulipofunga kabisa."

"Kwa nini hukuniita? Kuna hospitali ya macho hata haiko mbali na kwangu! Ningekupeleka!"

"Nilikusikia kila siku unasema gari la kuvuta tani mbili halijapatikana." Mama bado alikuwa amemshika uso. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Nikawa najiuliza, mwanangu. Hivi mimi nina tani ngapi?"

Chidawali alikaa chini. Kwenye vumbi, mbele ya wale wanawake wote, mtu mzima, mwenye pikapu, alikaa chini akalia.

Pikipiki ingembeba. Basi la saa mbili lingembeba. Lile gari la kwanza, jeupe, dogo, lililokataliwa kwa kuwa halivuti, lingembeba mama yule kama linavyobeba mkoba. Bibi mkavu vile, hata gunia la mtama linamzidi.

Hawakulala usiku wa pili pale. Alifungua tela, akaliacha uwanjani kwa mama, na asubuhi yake mama akakaa kiti cha mbele, Dorkasi akahamia nyuma. Walikwenda moja kwa moja hospitali. Daktari alimpima polepole, akamwita Chidawali pembeni.

"Jicho la kulia ni mtoto wa jicho. Tutalisafisha, ataona. La kushoto lina ugonjwa mwingine, mshipa wake umeshakufa. Kama angekuja miaka miwili iliyopita, tungeliokoa."

Unasemaje ukiambiwa hivyo? Chidawali alisema ahsante daktari, kwa sababu hakuna neno jingine.

Siku ya kufunguliwa bandeji alikuwa ameketi mbele yake. Nesi akaondoa pamba. Mama akapepesa lile jicho moja, likatoka machozi, likatulia. Akamtazama mwanawe muda mrefu, mrefu sana, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. Kisha akasema, "Umeota mvi."

Ni hilo tu. Umeota mvi. Mara ya mwisho alipomwona, nywele zake zilikuwa nyeusi. Miaka mitano ile ilikuwa imepita kichwani kwa mtoto wake na yeye hakuiona ikipita. Akanyoosha mkono akazigusa, moja moja, pale juu ya sikio, kana kwamba anataka kujua ipi ilianza.

Nawaambia habari hii yote kwa sababu mwisho wake si mbaya. Mama yuko hai, amerudi kijijini kwake. Kila mwezi Chidawali anakwenda. Mashine imeshachimba visima kwenye vijiji viwili jirani, na kazini anakwenda na pikapu ile ile, na Nasibu alisema kweli, ni gari zuri. Lakini kuna jicho moja halitarudi. Na kuna miaka mitano ambayo mtu yule anaitamani kuliko alivyowahi kutamani gari lolote, na hakuna mahali inapouzwa.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunaokaa kwenye mabenchi haya. Tunangoja nini?

Wewe dada, uligombana na mama yako mkwe, unataka kupatana naye, lakini unasema kwanza nipate kitenge kizuri cha kumpelekea. Wewe kaka, baba yako yuko peke yake kule, unasema nikimaliza kuezeka nyumba nitamwita. Umeanza kuezeka lini? Wewe kijana, unasema nitarudi kwa Mungu nikishaacha pombe, nikishajirekebisha, nije nikiwa na kitu cha kuonyesha. Nani alikuambia Mungu anakagua tela lako? Anakutaka wewe. Anakutaka na vumbi lako kwenye nyusi.

Nisieleweke vibaya. Chagueni magari vizuri, fundi akague, breki ziwe breki. Zawadi si dhambi. Lakini upendo wetu tumeuwekea masharti ambayo hata tunaowapenda hawajui kwamba yapo. Sisi tunadhani tunawaandalia. Wao wanajua tu kwamba hatujafika. Wanapanda kichuguu, wanatafuta mtandao, wanauliza utakuja lini, nasi tunawajibu kwa habari za injini.

Na sisemi kama mtu msafi. Wengine mlinisikia nilipoteleza ulimi katikati ya hadithi, nikasema "upande ambao siko." Sikukosea sana. Nina dada yangu mkubwa kule Kondoa. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na nimemwambia nitakuja tangu kabla kanisa hili halijapigwa rangi. Kesho naondoka. Shemasi ataongoza sala za wiki hii, nimeshamwambia.

Tutasimama sasa tuimbe, halafu tutoe matoleo. Ila kama kuna mtu mahali fulani anakungoja, na wewe unajua ni nani, usisimame kuimba. Chukua koti lako utoke taratibu, hakuna atakayekutazama vibaya. Sauti yako tutakuimbia sisi.